Mwongozo kamili: Kuweka sanaa ya utupu mtandaoni bila kufutwa na bila kumwaibisha mtu

Malalamiko ninayoyapokea ni yaleyale. Picha imefutwa. Akaunti imefungiwa. Au, baya zaidi, aliyemo pichani amepiga simu akilia kwa sababu mjomba wake ameiona. Wanaoniandikia ni wachoraji na wapiga picha wazuri. Hawakukosea kwenye mwanga wala kwenye mstari. Walikosea katika zile dakika kumi kati ya kumaliza kazi na kubonyeza kitufe cha kuposti.

Mwongozo huu ni wa dakika hizo kumi, ambazo kwa kweli zinapaswa kuwa siku mbili tatu. Unahusu picha, michoro na sanamu za watu wazima waliojitolea kwa hiari yao. Aliye chini ya miaka 18 hayumo humu kabisa: si kwa picha, si kwa mchoro, si kwa kivuli, hata mzazi akikubali. Hapo hakuna mjadala.

Aliyemo pichani nitamwita mwenye mwili. Neno "modeli" huwafanya wengi wasahau kwamba wanashughulika na mtu.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Faili halisi la picha, likiwa kwenye folda isiyojipeleka yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Picha nyingi "zilizovuja" hazikuibwa na mtu. Simu ilizipeleka yenyewe kwenye albamu ambayo familia nzima inaifungua.
- Ridhaa ya maandishi ya mwenye mwili.
- Uhakika wa umri wake, ulioupata kwa kuona kitambulisho kwa macho yako. Ukilazimika kubaki na nakala, iweke mbali na picha zenyewe. Jina, uso na mwili mtupu wa mtu kwenye folda moja ni zawadi kwa mwizi.
- Programu ya kuhariri picha, pamoja na ExifTool, ambayo ni ya bure, au nyingine ya kusafisha taarifa zilizofichwa ndani ya faili.
- Akaunti ya pili isiyokuwa na urafiki na ya kwanza, au rafiki mzima atakayekuangalizia.
- Kanuni za mtandao unaokusudia, ulizozisoma leo. Ulizosoma mwaka jana hazitoshi.

Soma pia sheria ya nchi unakoishi. Ziko nchi ambako kusambaza picha ya mtu aliye uchi ni kosa la jinai hata ukiiita sanaa, na huko alama ya onyo haitakuokoa.

## Hatua ya 1: Pata ridhaa, kisha ipate tena

Mtu aliyekubali kuvua nguo mbele ya kamera yako amekubali jambo moja tu: kuvua nguo mbele ya kamera yako. Wewe kubaki na picha ni jambo la pili. Kuitundika ukutani ni la tatu, kuiweka mtandaoni la nne, kuiuza la tano. Wengi wanaokwama hapa walipewa la kwanza wakahesabu wamepewa yote.

Andikeni pamoja, kwa lugha anayoielewa bila wakili: ni picha ipi hasa (taja jina la faili au bandika picha yenyewe ikiwa ndogo), itawekwa mtandao gani, uso utaonekana au hautaonekana, jina litatajwa au la, ikiuzwa yeye atapata nini, na akibadili mawazo amtafute nani na itaondolewa ndani ya muda gani. Mimi huandika saa 24. Sijawahi kujuta.

Kisha mwonyeshe picha ya mwisho. Kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera hakitoshi; picha ikishakatwa, ikishabadilishwa rangi, huwa picha nyingine. Mwonyeshe kwa ukubwa ambao watu wataiona, halafu mpe siku mbili kabla ya kumuuliza tena. Chumbani mwa kazi kuna msisimko, kuna urafiki, kuna ile aibu ya kumkatalia mtu aliyejichosha saa nne kwa ajili yako. Akiwa kwake, peke yake, amevaa nguo zake, ndipo mtu hujua anataka nini.

Angalia pia nani ana nguvu juu ya nani. Mwanafunzi anayeombwa na mwalimu wake hana nafasi kubwa ya kusema hapana. Mfanyakazi vilevile. Na wapenzi ndio wagumu kuliko wote, kwa sababu ridhaa waliyopeana waliipeana wakiwa wapenzi. Mkiachana, picha zitabaki za nani, na zile zilizokwisha kuwekwa zitakaa au zitatoka? Liandikeni hilo mkiwa bado mnacheka pamoja.

Wachoraji hujiona wamesalimika. Hawajasalimika. Uso uliochorwa vizuri unatambulika, na ndiyo sifa mnayoitafuta. Zaidi ya hapo kuna kosa ambalo nimeliona mara nyingi kwenye madarasa ya kuchora mwili: mchoraji anaipiga picha karatasi yake kwa simu, na nyuma ya karatasi, kwa mbali, mwenye mwili bado amesimama. Karatasi ilikuwa na ruhusa. Yeye hakuwa ametoa. Toa simu baada ya mwenye mwili kuvaa, au peleka mchoro nyumbani uupige huko.

Na kama mwenye mwili ni wewe mwenyewe? Siku mbili zilezile zinakuhusu. Fikiria picha hiyo imefunguliwa mezani kwa mtu anayekusaili kazi, na yeye anajua ni wewe. Kama tumbo limekaza, funika uso au iache.

Umefaulu hatua hii ukiwa na maandishi yanayotaja picha hii na mtandao huu, yaliyoandikwa baada ya mwenye mwili kuiona. "Sawa tu" ya kwenye simu haihesabiki.

## Hatua ya 2: Chagua mtandao kabla ya kuandaa picha

Watu huanza na picha kisha wakaitafutia pa kuiweka. Matokeo yake wanaiweka pale walipo tayari, na pale walipo tayari ndipo isiporuhusiwa.

Mitandao inatofautiana sana. Facebook na Instagram huvumilia utupu kwenye michoro na sanamu, lakini picha za kamera za watu wazima walio uchi huziondoa, isipokuwa kwa sababu chache kama kunyonyesha, kujifungua au makovu ya upasuaji wa titi. Flickr ina ngazi tatu, na ni wewe mwenye kazi unayepaswa kuchagua ngazi sahihi: matiti na makalio yaliyo wazi huingia ngazi ya kati, utupu kamili wa mbele huingia ngazi ya juu. DeviantArt ina alama ya kazi za watu wazima. Bluesky hukupa nafasi ya kuweka lebo ya utupu unapoposti. Reddit ina alama ya NSFW, yaani kitu kisichofaa kufunguliwa kazini, lakini kila jumuiya ndani yake huongeza kanuni zake. Mastodon ni seva nyingi, na kila seva ina mwenyewe na katazo lake.

Nasisitiza kusoma upya kwa sababu kanuni hugeuka. Tumblr ilipiga marufuku maudhui ya watu wazima tarehe 17 Desemba 2018, na walioamka asubuhi wakakuta kazi za miaka zimefichwa ni wengi. Mwaka 2022 ikarudisha utupu, lakini si picha za vitendo vya ngono. Aliyesoma kanuni mara moja akatulia alikosea mara mbili.

Jua pia kwamba mashine ndiyo inayokutazama kwanza, na mashine haijui sanaa. Mwaka 2018 Facebook ililazimika kuomba radhi baada ya kuondoa picha ya Venus wa Willendorf, kijisanamu cha mawe chenye urefu wa sentimita 11 hivi na umri wa maelfu ya miaka, kilichomo kwenye makumbusho ya Vienna. Kama kile kilifutwa, chako nacho kinaweza kufutwa bila wewe kuwa na kosa.

Kisha angalia watu. Kaa kwenye kundi unalokusudia kuiweka kazi yako wiki nzima bila kuposti. Soma majibu yanayotolewa kwa wanaoweka kazi kama yako. Ukiona wanazungumzia mwanga, mkao, karatasi, umefika. Ukiona wanauliza namba ya simu ya mwenye mwili, ondoka, hata kama kanuni zinakuruhusu. Na kwenye kundi ambalo watoto wanaweza kuingia bila kizuizi cha umri, usiweke.

Umefaulu ukiweza kuweka kidole kwenye kifungu cha kanuni kinachoruhusu kazi yako. Kipige picha ya skrini chenye tarehe. Utakihitaji kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 3: Chagua chache

Picha moja, tatu zikizidi. Picha thelathini za pindi moja humfanya mtazamaji aache kuangalia sanaa aanze kuangalia mtu.

Jiulize utupu unafanya kazi gani humo. Kama ukimvalisha mwenye mwili nguo akilini picha inabaki vilevile, basi utupu ulikuwa kivutio tu, na watazamaji wataling'amua hilo haraka kuliko wewe.

## Hatua ya 4: Andaa faili

Hapa ndipo siri za watu huvuja, kwa hiyo twende polepole.

Tengeneza nakala mpya. Usipakie faili halisi. Punguza nakala iwe na pikseli 1200 hadi 1600 upande mrefu. Inatosha kwa skrini, haitoshi kwa anayetaka kuichapisha bango kubwa bila ruhusa yako. Ibadilishe rangi iwe sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini, sasa hivi, kabla ya kusafisha, maana usafishaji wa kina huondoa pia maelezo ya rangi, na ngozi iliyokuwa ya kahawia yenye joto inaweza kugeuka ya kijivu.

Safisha taarifa zilizofichwa. Kamera na simu huandika ndani ya faili tarehe, saa, aina ya kamera, pengine namba yake, na mara nyingi mahali hasa ulipopigia. Hizo ndizo taarifa za EXIF. Picha iliyopigiwa chumbani kwa mwenye mwili inaweza kuwa imebeba ramani ya kwenda kwake. Kwa ExifTool amri ni hii:

`exiftool -all= picha.jpg`

Angalia: programu hiyo huacha nakala ya zamani pembeni ikiwa na jina linaloishia kwa `_original`. Hiyo bado ina kila kitu. Usije ukapakia hiyo kwa haraka. Mitandao mingine hufuta taarifa hizi yenyewe na mingine haifuti, usiitegemee.

Tahadhari na ukataji. Umekata picha ili uso usionekane, ukadhani umemaliza. Baadhi ya faili hubeba ndani yake kijipicha cha onyesho kilichotengenezwa kabla ya kukata, uso ukiwa mzima. Mwaka 2023 iligunduliwa kwamba skrinshoti zilizokatwa kwenye simu za Google Pixel zilibaki na sehemu iliyokatwa ndani ya faili, na ingeweza kurudishwa. Dawa ni kukata, kuhifadhi kama faili jipya kabisa, kusafisha, kisha kulifungua kwa programu nyingine na kutazama.

Funika kwa rangi, usitie ukungu. Kama mwenye mwili hataki chale au alama ya kuzaliwa ionekane, ipake rangi nzima isiyopenya au ikate. Ukungu na vile vibox vya mosaiki wakati mwingine hukisiwa kilichomo. Na usihifadhi faili la tabaka tabaka, ambamo rangi ya kufunikia imelala juu ya picha bila kuungana nayo. Anayelipakua ataliinua hilo tabaka kama anavyoinua kifuniko.

Tazama nyuma ya mtu. Dirisha lenye jengo linalotambulika. Bahasha mezani. Kioo. Nilishawahi kutumiwa picha safi kabisa, uso umefichwa kwa ustadi, na kwenye birika la chuma mezani uso uleule ulikuwa unatutazama.

Jina lako liweke juu ya picha kwa herufi ndogo mahali ambapo kulikata kutaiharibu picha. Usilitie mwilini mwa mtu kama muhuri. Halimzuii mwizi, ila humrudishia mwenye kazi haki yake pale picha inapozurura.

Ili kupima, mtumie rafiki yako faili la mwisho na umwambie atafute ni nani, wapi na lini. Akirudi mikono mitupu, endelea.

## Hatua ya 5: Weka pazia

Mwenye mwili amechagua kuonekana. Mtazamaji naye achague kuona. Huenda yuko kazini, yuko na mtoto mapajani, au ana jeraha ambalo mwili mtupu unalitonesha.

Weka alama ya onyo ya mtandao husika. Ukisahau kisha ukaweka baadaye, waliokwisha kuiona wameiona. Kama kundi halina alama hiyo, weka picha ya kwanza isiyo na utupu, mfano mkono, mgongo au karatasi tupu yenye neno "utupu", kazi yenyewe ifuate ya pili.

Jihadhari na linki. Ukiituma linki kwenye kundi la gumzo, programu nyingi huchota kijipicha zenyewe na kukitandaza mbele ya kila mtu, pazia lako likiwa limebaki kule ulikoliweka. Ijaribu kwanza kwa kujitumia mwenyewe.

Onyo liseme ukweli mkavu: "Mwili mtupu wa mwanamume, mbele, mchoro wa makaa." "Wakubwa tu, fungua ujionee" ni tangazo, na wanaoitikia tangazo ndio watakaokuharibia kundi.

## Hatua ya 6: Andika maelezo

Lugha yetu inatutega hapa. "Picha za utupu" masikioni mwa wengi ni picha za kashfa, zile zinazosemwa "zimevuja". Ukianza hivyo, umekwisha kumwambia msomaji aangalie kama mpelelezi. Andika "mchoro wa mwili", "umbo lililolala", au taja kazi yenyewe: mkaa kwenye karatasi, mwanga wa dirisha moja, dakika ishirini. Atakayekutania kwa "mficha uchi hazai" mwache acheke. Methali ile inazungumza na mwenye shida anayeificha, si na mchoraji.

Sema kwamba mwenye mwili ni mtu mzima na ameridhia. Sentensi moja. Jina lake litaje tu kama ridhaa inasema hivyo, na usimtambulishe kwa akaunti yake bila kumuuliza upya, kwa sababu tambulisho moja huwaongoza wageni mia hadi mlangoni pake.

Andika pia maelezo mbadala kwa wasioona, ambayo programu za kusoma skrini huyatamka. Yaandike kama mchoraji: "Mwanamke mzima ameketi, kampa mgongo mtazamaji, mwanga unateremka uti wa mgongo." Usiruke utupu kwa aibu, wala usiutie chumvi.

## Hatua ya 7: Posti, kaa hapo, na ujue la kufanya mambo yakiharibika

Posti wakati ambao una saa mbili za kukaa macho. Fungua kwa akaunti ya pili: pazia lipo? Kijipicha kimekatwa pabaya? Mitandao hukata picha yenyewe, na mashine ina kipaji cha kukatia pale usipotaka.

Jibu la mwanzo hupanga yatakayofuata. Mtu akisifu mstari, mjibu kuhusu mstari. Akiandika uchafu kuhusu mwenye mwili, futa, mzuie, usibishane naye. Kumbuka mwenye mwili huenda anayasoma yote.

Picha ikifutwa, usiipandishe tena kwa hasira. Kurudia ndiko kunakofunga akaunti. Kata rufaa mara moja, kwa upole, ukinukuu kile kifungu ulichokihifadhi kwenye hatua ya 2. Wakikataa, hamia mtandao mwingine, baada ya kumuuliza mwenye mwili, kwa sababu ridhaa yake ilitaja mtandao ule.

Picha ikiibwa, itafute kwa TinEye au Google Lens, huduma zinazotafuta mtandaoni kwa kutumia picha badala ya maneno. Piga picha ya skrini yenye anwani na tarehe kabla ya kulalamika, kwani mwizi akishtuka hufuta ushahidi. Kisha peleka dai la hakimiliki kwa mtandao husika. Mtandao wowote mkubwa una fomu yake. Kama picha inatumika kumdhalilisha mwenye mwili, yeye mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 18 au zaidi, anaweza kutumia StopNCII.org. Huduma hiyo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya kifaa chake, picha yenyewe haitoki, na kampuni zinazoshiriki huitumia alama hiyo kuitambua picha na kuizuia.

Mwenye mwili akibadili mawazo, usimuulize kwa nini. Sema sawa, na uanze kazi: ondoa posti, si kuificha tu, ondoa kwenye ukurasa wa kazi zako, waombe wasimamizi wa makundi waondoe nakala walizozibandika. Mwambie kwa ukweli kwamba zile zilizopakuliwa na wageni hazirudi. Kisha futa nakala zako kwenye simu, kwenye diski ya akiba, na kwenye pipa la taka la hifadhi ya mtandaoni, maana Google Drive, kwa mfano, huliweka faili humo siku 30 kabla ya kulifuta. Ukimaliza mtumie orodha ya kila ulikotoa, na tarehe.